Geji Ishirini na Moja Nilizozirekebisha Lushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kwendea harusini, kwa sababu mama alisema ofisini watu hawaendi na kanga. Kufika, nikakabidhiwa ovaroli ya mwanaume mrefu na ndoo ya maji baridi. Fundi Mkuu hakuniuliza jina. Alinisogezea kisahani chenye vipete vyeusi vya mpira na kuniuliza, "Oringi ngapi hapo?"

Nikahesabu, nikasema kumi na mbili.

"Hesabu tena."

Zilikuwa kumi na tatu. Moja ilikuwa imelala juu ya mwenzake. "Hiyo uliyoisahau ndiyo inayoua mtu," akasema, akaondoka kwenda kunywa chai. Mimi nikabaki na ndoo yangu, najiuliza nimeingia wapi.

Karakana yetu ilikuwa Lushoto mjini, nyuma ya maduka, chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama mashamba ya kabichi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya kupigia mbizi baharini. Najua mnacheka. Kila mtu alicheka. Bahari iko Tanga, na sisi huku mwezi wa saba tunalala na sweta. Shangazi yangu akiulizwa nafanya kazi gani alikuwa anajibu kwamba natengeneza pampu za kupulizia nyanya dawa, maana alichoka kueleza. Lakini mwenye kampuni alikuwa na akili zake. Joto na chumvi ya pwani hula mpira na shaba, vipuri vikikaa ghalani kidogo tu vimekwisha. Huku kuna ubaridi, hewa haina chumvi, na kodi ya nyumba ni nafuu. Basi duka na ofisi kubwa vikabaki Tanga, karakana ikapandishwa mlimani, na vifaa vikawa vinatujia kwa basi ndani ya maboksi.

Niwaeleze kifaa chenyewe ili tusipotezane. Hewa iliyomo kwenye mtungi wa mzamiaji imeshindiliwa kwa nguvu ambayo ikikupiga mdomoni itakung'oa meno. Reguleta ndiyo inayoipunguza nguvu hiyo, kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza imekazwa kwenye mtungi, ya pili ndiyo mzamiaji anaing'ata mdomoni. Pamoja nayo huning'inia geji mbili. Moja inasema hewa imebaki kiasi gani, nyingine inasema umeshuka mita ngapi. Hiyo ya pili, geji ya kina, ndiyo itakayonichukulia muda mwingi hapa.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, mkali, na baridi ya Lushoto hakuizoea mpaka anaondoka. Alifanya kazi na kofia ya sufu kichwani mwaka mzima. Kila reguleta iliyoingia ilifunguliwa, ikaoshwa, ikabadilishwa oringi zote, ikapakwa grisi maalumu ya silikoni, ikafungwa, ikapimwa. Wiki yangu ya pili ile grisi iliisha. Mimi nikaona nisilaze kazi, nikatoa samli niliyokuja nayo ya kulia ugali, nikapaka kidogo. Akanusa.

"Zuhura, umepaka nini hapa?"

"Samli, mzee. Safi kabisa, ya nyumbani."

"Samli! Kwani hii ni chapati?"

Mafuta ya chakula yakikutana na hewa iliyoshindiliwa sana yanaweza kuwaka moto, na hata yasipowaka mzamiaji anavuta uvundo. Hilo alinieleza, na nililielewa. Mengine hakueleza. Alikuwa na amri zake, nyingine zina sababu, nyingine hazina, na zote alizitoa kwa sauti ileile. Mojawapo ilikuwa hii: "Geji ya kina usiiguse. Ikija, ifunge kama ilivyo, iende Tanga." Sababu hakusema, na mimi sikuuliza. Nilikuwa msichana pekee pale, niliona kuuliza kutanionyesha mjinga. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakumjua Fundi Mkuu.

Baadaye nilihamishiwa Tanga, nikakaa kaunta miaka miwili chini ya Msimamizi wa Duka, mama mmoja mpole aliyekuwa na daftari la kila kitu. Huko ndiko nilikojifunza wateja. Ndiko pia nilikoona geji za kina mpya zikitolewa kwenye maboksi yake, mshale umekaa kwenye sifuri kama sindano ya dira iliyotulia. Nikajifunza kwamba geji nzima ni ile ambayo ikiwa mezani inasoma sifuri. Kwa Tanga, hiyo ni kweli tupu.

Niliporudi Lushoto, Fundi Mkuu alikuwa amestaafu na mambo yamebadilika. Watu walikuwa wameanza kununua mtandaoni. Kijana anakaa na simu yake, anachagua reguleta kutoka nchi za mbali, analipa, baada ya wiki kadhaa boksi linafika. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya dukani kwetu, na huwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta nafuu. Shida ilianza pale kifaa kilipogoma. Kampuni yetu ikaingia mkataba na kiwanda kimoja cha nje tuwe mawakala wake wa dhamana, yaani mtu aliyenunua bidhaa yao mtandaoni ikaharibika, atuletee sisi. Meneja mpya akanipa cheo cha Fundi wa Dhamana, meza yangu mwenyewe, na mhuri. Jamani, ule mhuri! Niliutia kwenye mkoba nikaenda nao nyumbani Malindi, kijiji chetu hukuhuku Lushoto, kuuonyesha.

Kazi ya dhamana ni ya kuvunjia watu mioyo, nasema kweli. Mteja anaona neno dhamana kwenye karatasi, anadhani atatengenezewa bure. Aa wapi. Dhamana ya kiwanda ilikuwa inalipa kipuri tu. Mkono wa fundi unalipa mwenyewe. Nauli ya boksi kuja na kurudi, unalipa mwenyewe. Ukileta kifaa tukapima tusione kasoro, unalipa gharama ya ukaguzi, tena ndiyo iliyouma kuliko zote, maana umelipa ili uambiwe hakuna kitu. Na ole wako uwe umefungua mwenyewe. Kila kifaa kina lakiri ya kiwanda, tone la rangi au karatasi juu ya skrubu, ikivunjwa na mtu asiye wakala, dhamana imekufa siku hiyohiyo. Alikuja bwana mmoja na reguleta aliyoinunua kwa muuzaji ambaye kiwanda hakimtambui. Nikampigia hesabu ya nauli, mkono na vipuri, ikazidi nusu ya bei aliyonunulia. Akaniangalia akasema, "Mama, sasa mimi nimeokoa nini?" Nikamchemshia chai.

Kwa geji za kina, Meneja aliona ni upotevu kuzisafirisha Tanga wakati fundi yupo Lushoto. "Wewe umekaa Tanga miaka miwili, unazijua," akaniambia. "Zimalize hapahapa." Na kweli nilijiona nazijua. Ile amri ya zamani niliikumbuka, lakini niliona ni ya mzee aliyezoea yake.

Geji ya kwanza iliyonijia mshale wake ulikuwa umelala chini ya sifuri. Nikasema, kasoro ya kiwandani hii. Nikavunja lakiri, nikafungua kifuniko cha nyuma ambako kuna skrubu ndogo ya kuuweka mshale sawa, nikazungusha taratibu mpaka ukakaa sifuri. Nikaitia kwenye sufuria ya majaribio, chombo kizito chenye kifuniko cha kioo ambacho unakijaza hewa kwa pampu kuiga nguvu ya maji, nikalinganisha na geji kubwa ya ukutani. Zikaenda sambamba mita hadi mita. Nikapaka lakiri yetu, nikagonga mhuri: imerekebishwa chini ya dhamana. Ikaja ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Zote mshale uko chini, na umbali ni uleule! Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilikilaumu kiwanda. Nilisema hawa watu wanatuuzia takataka kwa kuwa tuko Afrika, na nikalisema kwa sauti mbele ya Meneja, naye akatikisa kichwa kuafiki.

Ndipo akaja Hemedi. Huyu alikuwa kijana wa kwetu Malindi, mtoto wa mjane mmoja mkulima wa viazi. Alishuka Tanga kutafuta kazi, akajifunza uzamiaji, akawa anaufanya kama kazi, anafunga minyororo ya maboya, anakagua matumbo ya meli. Vifaa vyote alikuwa anaazima. Mama yake akauza ng'ombe wake wa maziwa ili mwanawe apate vyake, na Hemedi akaagiza seti kamili mtandaoni, reguleta na geji zake. Masharti ya dhamana yalitaka seti ikaguliwe na wakala kabla ya kutumika. Akanitumia kwa basi. Reguleta haikuwa na neno. Geji ya kina nikaiweka sawa kama wenzake. Nikamtoza mkono na nauli, nikamrudishia.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja akaingia karakana mwenyewe, boksi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo? Mama hajambo?"

"Hajambo. Mama, hiki kitu kinanidanganya." Akaiweka geji mezani.

Akanieleza. Alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kulikuwa na mradi wa mabwawa ya samaki pwani, wanataka kulaza bomba la kuvuta maji ya bahari, na Mhandisi wa mradi akamwajiri azame apime kina kila baada ya hatua kadhaa, kisha akifanya vizuri ndiye atakayelaza bomba lenyewe. Kazi ya miezi. Hemedi akazama siku nne, akaandika vipimo vyote. Mhandisi akachukua mashua na kamba yenye kipande cha risasi cha kuizamisha, akapima mwenyewe sehemu tatu. Haikulingana hata moja. Ya Hemedi yote ilikuwa imezidi.

"Amesema mimi sikuzama. Amesema nimekaa ufukoni nikaandika namba za kichwani. Mbele ya watu, mama! Amenipa hadi kesho kutwa nilete ushahidi kwamba geji ni mbovu, la sivyo anamchukua mwingine. Na wazamiaji Tanga ni wachache, tunajuana wote. Nikishaitwa mwongo, nani atanipa kazi? Kazi hii mtu anakuajiri kwa neno lako tu, maana chini huko hakuoni."

Nikaitia geji yake kwenye sufuria. Mita tano, tano. Mita kumi, kumi. Mita ishirini, ishirini. Nikarudia mara tatu mbele yake.

"Geji nzima hii, Hemedi."

"Haiwezekani."

"Macho si unayo? Tazama."

Akatazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo na wewe unasema mimi mwongo."

Nilikasirika. Mimi nina mdomo, na siku ile sikuuzuia. Nikamwambia sijamwita mwongo, ila mashine haina shangazi wala mjomba, na kama alipima amechoka au maji yamechafuka, asije kuisingizia kazi yangu. Nikamwandikia karatasi: hakuna kasoro iliyoonekana. Nikagonga mhuri, nikamtoza gharama ya ukaguzi kama kanuni inavyotaka. Akalipa. Alitoa noti zilizokunjwa ndogo kutoka mfuko wa shati, na mpaka leo nikizikumbuka nasikia aibu.

Siku hiyohiyo pikapu ya karakana ilikuwa inashuka Mombo, na mimi nilitakiwa kusaini mzigo wa vipuri pale barabara kuu. Hemedi akaomba msaada wa usafiri, apate gari la Tanga huko chini. Tukakaa watatu mbele, dereva, mimi katikati, Hemedi dirishani. Boksi lake lilikuwa wazi magotini, geji juu.

Tulipopita Soni na kuanza zile kona za kushuka, nikatupa jicho. Mshale haukuwa sifuri.

"Acha kuichezea," nikamwambia.

"Sijaigusa, mama. Mikono yangu hii hapa."

Nikaichukua mwenyewe. Nikaigonga kwa kucha. Mshale ukatikisika ukarudi palepale, juu ya sifuri kidogo. Tukashuka kona nyingine, na nyingine. Masikio yakaziba yakazibuka, kama siku zote kwenye barabara ile. Na mshale ulikuwa unapanda, polepole, bila mtu kuugusa. Tulipofika Mombo, joto limetupiga, geji ilikuwa inasema tuko chini ya maji karibu mita moja.

Niliteremka nikasimama kando ya barabara na kile kitu mkononi. Pembeni palikuwa na mama lishe anaepua maharage, na hapo ndipo akili iliponirudia. Kila mwanamke wa kwetu aliyeolewa Mombo anajua kwamba maharage huku bondeni huiva mapema, na ukipanda nayo mlimani utamaliza kuni. Tulikua tunaambiwa hewa ya juu ni nyepesi. Nimelijua hilo tangu utotoni, nikalisema, nikalipikia, na sikulitia kazini hata siku moja! Geji ya kina inapima uzito ulio juu yake, wa maji pamoja na hewa. Imetengenezwa ikae sifuri usawa wa bahari. Ukiipandisha Lushoto, ambako hewa haina uzito ule, mshale lazima ulale chini. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli, mimi nikaifundisha kudanganya. Nikishaiweka sifuri Lushoto, ikifika Tanga inakuwa imezidi mita moja na nusu kabla mtu hajalowa. Na sufuria yangu na geji ya ukutani vilikuwa Lushoto vilevile, vinavuta hewa ileile, vingenisahihisha vipi?

Astaghfirullah. Nikampigia simu Fundi Mkuu papohapo, Pangani kwake. Nikamweleza.

"Si nilikwambia usiiguse?"

"Uliniambia, mzee. Hukuniambia kwa nini."

Akasema, "Hukuuliza."

Tulikuwa tumekosa wote wawili, lakini mkono uliozungusha skrubu ulikuwa wangu.

Nikageuka kwa Hemedi. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe si mwongo. Mwongo ni mimi, na sikujua." Nikamwomba radhi pale barabarani, dereva anasikia, mama lishe anasikia. Hemedi alikaa chini kwenye jiwe, akaziba uso kwa mikono miwili. Nikamwacha akae. Halafu nikamwambia apande gari, turudi juu, nikamwandikie barua yenye mhuri.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Alikuwa na mke, watoto, na mkataba wa uwakala wa kulinda. Aliuliza kitu kimoja: "Ziko ngapi?"

Nikafungua daftari. "Ishirini na moja."

Akafunga mlango. Hemedi alikuwa kwenye benchi nje, na ukuta ule ulikuwa wa mbao.

"Zuhura, kiwanda kikijua wakala wao amefungua geji nzima ishirini na moja, akavunja lakiri, akaandika ni kasoro ya kiwandani, watatunyang'anya uwakala, na kila geji tutailipa sisi. Kila nauli, kila mkono. Andika kwamba lakiri ya huyu kijana ilikuwa imevunjwa ilipofika. Aliifungua mwenyewe. Nitamtafutia geji nyingine kimyakimya, nampa bure."

"Na Mhandisi ataambiwa nini?"

"Hiyo si kazi yetu."

"Ataambiwa kijana aliichezea geji yake mwenyewe. Atakuwa mwongo mara mbili."

"Na wale ishirini wengine, unataka nao wajue?"

"Meneja, wako chini ya maji!" Nilipaza sauti, sikujali. "Mungu ametusitiri tu kwamba geji inaonyesha kina kirefu kuliko ukweli. Ingekuwa kinyume, mtu angedhani yuko juu kumbe yuko chini, leo tungekuwa tunaandika barua za rambirambi. Mficha uchi hazai. Naandika."

"Ukiandika, unaacha mhuri mezani."

Nikaandika. Niliandika kwa mkono, mistari sita, kwamba geji ya Hemedi ilikuwa nzima ilipotoka kiwandani, kwamba mimi, Fundi wa Dhamana, ndiye niliyeiharibu kwa kuirekebisha mahali pa juu, na kwamba Mhandisi akitoa mita moja na nusu katika kila kipimo atakuta ukweli. Nikagonga mhuri kwa mara ya mwisho, nikauacha mezani. Meneja hakunizuia. Alikuwa ameegemea dirisha, ananipa mgongo. Barua nikampa Hemedi, namba yangu ya simu chini yake, akashuka nayo Tanga jioni ileile.

Kesho yake mchana simu yangu ikaita. Alikuwa Mhandisi mwenyewe. "Nimetoa mita moja na nusu," akasema. "Zimelingana zote na kamba yangu. Nami ningepaswa kuona kwamba zilikuwa zimezidi sawasawa. Nilikuwa na haraka." Nikamwomba amwambie hivyo Hemedi, tena mbele ya walewale waliomsikia akimtukana. Akasema ameshafanya. Nililia, sifichi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia kama mtoto.

Wale ishirini wengine niliwatafuta mmoja mmoja. Wengine walicheka. Mmoja alinitukana robo saa nzima nami nikamsikiliza, alikuwa na haki yake. Geji zote zilirudishwa, safari hii zikawekwa sawa Tanga, kwa gharama ya kampuni, na sehemu yake ilikatwa kwenye mshahara wangu mpaka ikaisha. Uwakala hatukunyang'anywa. Kiwanda kilipopata habari kilitupa onyo kali, na pamoja na ukali ule walitutumia pia kijitabu chenye ukurasa mzima juu ya maeneo ya milimani, ambacho kumbe kilitakiwa kuja tangu mwanzo. Mimi nilirudishwa kuosha vifaa na kutunza kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa. Kwa umri wangu, ndoo ile ile. Baada ya Meneja kuhamishwa, aliyekuja alinirudishia meza.

Hemedi alilaza lile bomba. Akapata kazi nyingine, na nyingine, akamnunulia mama yake ng'ombe. Lakini vifaa vyake hakuniletea tena. Nilisikia anavipeleka Dar es Salaam, kwa nauli kubwa zaidi. Tukikutana Malindi sikukuu ananiamkia, ananiuliza hali, basi. Nilimwelewa. Na iliniuma kila mara nilipomwona, kwa sababu kati ya wote niliowahudumia miaka ile, yeye tu ndiye niliyemwangalia machoni nikamwambia macho si unayo.

Vijana mnaofundishwa ufundi sasa mnanijia nyumbani na vitu vyenu vya mtandaoni, mnataka niwaambie kama dhamana italipa. Nawaambia someni masharti kabla ya kulipa, si baada. Ulizeni mkono ni wa nani, nauli ni ya nani, na kifaa kimetengenezwa kitumike wapi. Na mkiwa na wanafunzi wenu, msiwape amri tupu. Wapeni na sababu yake, hata wasipoiuliza, hata kama ni wavivu wa kuuliza kama mimi.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, basi la Tanga lilishusha boksi lenye jina langu. Ndani kulikuwa na reguleta mpya, ya kampuni nyingine kabisa ambayo sisi si mawakala wake, lakiri yake nzima, na karatasi ya dhamana iliyobakiza zaidi ya mwaka. Inavujisha hewa kidogo, ilisema barua, ifungue. Mwisho palikuwa na jina la Hemedi.

Nikampigia. "Hemedi, nikikata lakiri hii, dhamana yako imekufa. Hata kipuri hawatakupa. Irudishe kwa waliokuuzia, watakutengenezea bila wewe kutoa hela ya kipuri."

"Najua, mama."

"Na huko Dar?"

"Huko Dar ni mafundi wazuri."

"Sasa?"

Nilisikia upepo kwenye simu yake, na watu wanaitana. Alikuwa kazini.

"Mama, fundi yeyote anaweza kukosea, na mimi nitakuwa chini sina habari. Wewe ukikosea utaniambia. Kata."

Nikaweka simu mezani, nikavaa miwani, nikachukua kisu kidogo, nikakata lakiri.